Mwanamke Aliyeitwa Papa

Kwa miezi miwili mizima nilimsikia mume wangu akiongea kwa simu na mtu aliyemwita papa, yaani baba, na sikushtuka hata kidogo. Hapa Bukavu kila mwanamume mwenye kitambi na funguo mkononi ni papa. Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, ana kibanda chake Kadutu, na wateja wake wengi ni watu wa machimbo ya dhahabu kule Mwenga. "Ndiyo, papa. Nitakuya, papa. Usihangaike, papa." Mimi nilikuwa jikoni natwanga sombe, majani ya mihogo, nikimhurumia kwa kusumbuliwa na mzee asiyejua kwamba watu hula mchana.

Siku moja simu ililia yeye akiwa anaoga. Jina lililotokea lilikuwa hilo hilo, Papa. Nikapokea kwa adabu zangu zote, nikasema papa asubiri kidogo, na sauti iliyonijibu ilikuwa ya mwanamke. Sauti laini, isiyo na haraka. Akaniuliza kama mimi ndiye maman wa nyumba, akanisalimia, akaulizia watoto, akakata. Nilibaki nimesimama mlangoni mwa bafu mpaka mume wangu alipotoka na taulo kiunoni.

"Papa yako iko na sauti ya mwanamuke," nilimwambia.

"Ah. Ule njo PDG," alisema, kana kwamba hilo linamaliza mambo.

Ilibidi anieleze. Kule machimboni mwenye shimo wanamwita PDG, kama mkubwa wa kampuni yenye ghorofa, hata kama ofisi yake ni turubai na viti viwili vya plastiki. Sasa kule mwanamke haruhusiwi kusogea mdomo wa shimo. Wanaamini akisogea dhahabu inakimbia ndani ya mwamba. Wanawake hutwanga mawe, hupika, huuza ndizi, lakini mbali, nyuma ya kamba. Kisha akatokea huyu, amepata haki ya kufungua galeri ya zamani, moja ya zile njia ndefu ambazo kampuni ya wazungu ilichimba ndani ya mlima na kuziacha. Wachimbaji walitaka kazi, na mwiko walitaka ubaki. Wakakaa, wakajadili, wakakata shauri kwamba yule si mwanamke. Akivuka kamba anaitwa papa, anavaa koti na mabuti, na dhahabu haina habari.

"Kwa hiyo kule haiko mwanamuke," nilisema.

"Kule hapana."

"Na akishuka Bukavu?"

Akaanza kujifuta maji masikioni, sikio moja kwa muda mrefu mno. Ndipo aliponiambia kwamba ni yule msichana wa Bagira.

Habari za yule wa Bagira nilikuwa nimeshazisikia. Mume wangu alitaka kumwoa kabla hajanijua, ndugu za msichana wakamkataa kwa sababu wakati huo alikuwa bado anajifunza kazi na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi. Nilijua alikuwapo kama unavyojua kwamba nyumba uliyopanga ilikaliwa na watu wengine kabla yako. Halikuwa jambo la kuninyima usingizi. Sasa amerudi, ana shimo, ana mabuti, na anampigia mume wangu simu mara tatu kwa siku.

Niliona wivu. Sitaki kuupamba wala kuupa jina zuri. Nilinusa mashati yake, nikapata harufu ya mazoti ya injini na udongo, nikakasirika kwamba sikupata kingine. Nilihesabu ni mara ngapi amesema papa katika simu moja. Kuna asubuhi nilivaa mabuti yake ya mpira mbele ya kioo, na koti lake la mvua, nikajitazama ubavuni, nikaona mwanamke mfupi aliyevaa vitu vya mumewe. Nikavua kabla watoto hawajarudi kutoka shule.

Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa anasimulia. Mume wangu si msemaji, miaka kumi na moja tuliishi kwa maneno machache, na ghafla kila akirudi kutoka Mwenga ulimi wake umefunguka. Tukila bugali na sambaza, ananieleza jinsi mbao za zamani za kushikilia dari zilivyooza, ukizibonyeza kidole kinaingia. Ananieleza sehemu ambazo hewa imelala, mtu anaingia akiimba, baada ya hatua ishirini magoti yanalegea na hajui kwa nini. Kuna mashimo ya kushuka yaliyofunikwa kwa mbao na juu yake udongo, miaka mingi, unatembea juu yake ukidhani ni ardhi. Mchimbaji mmoja wa shimo la jirani alipotelea humo, wakasikia tu taa yake ikigonga kuta kwenda chini. Nilipaswa kuogopa, na niliogopa kweli. Lakini katika kila hadithi yule mwanamke alikuwa amesimama mdomoni mwa galeri, na mimi nilikuwa namtazama yeye zaidi ya mashimo.

"Haogopake?" niliuliza.

"Yee? Anaogopa sana. Anatuhesabia kila tukiingia, anatuhesabia kila tukitoka."

Alisema tukiingia, na hilo nililisikia. Akaniambia nisihangaike, kazi yake ni nje, kando ya injini. Maji yaliyojaa mwanzo wa galeri ameshayatoa, sasa wanafuata ukuta wa mawe na udongo ambao kampuni iliujenga huko ndani, na nyuma ya ukuta huo kuna mshipa wa dhahabu ambao wazungu hawakumaliza. Walijuaje? Kuna alama, alisema, kisha akachukua samaki mwingine.

Hapa lazima nieleze habari za baba yangu. Alikuwa mchoraji wa kampuni hiyo kule Mwenga, lakini hakuchora picha, alichora herufi. Alipaka namba kwenye vigari vya mawe na majina kwenye milango ya ofisi, na ndani ya mlima alipaka alama za kuwazuia watu wasife. Kampuni ilipoondoka tulihamia Bukavu, akawa anaandika vibao vya maduka Kadutu, coiffure ya vinyozi, boucherie ya wauza nyama, quincaillerie ya wauza misumari, na kwa muda mrefu ungeweza kupanda njia yote ya soko ukisoma mkono wake. Alifariki mimi nikiwa sijaolewa, kwa hiyo mume wangu alimjua kwa vibao tu.

Kunifundisha kusoma, baba hakuwa na kitabu. Alitumia zile alama. G ilikuwa gesi. B ilikuwa mbao mbovu, kwa sababu wazungu huita mbao bois. E ilikuwa eau, maji, na kila mara ilifuatana na mshale, kuonyesha upande ambao maji yamefungiwa. Alikuwa na namna yake ya kuandika E, kijistari cha katikati alikimalizia kwa kukishusha kidogo, kama mkia wa mjusi. Nilipoanza shule ya masista, mwalimu aliuliza nani anajua neno la E. Wenzangu walisema école, éléphant. Mimi nilisimama nikasema, "E ya eau, musitoboe." Darasa zima lilicheka, mwalimu akafikiri namdhihaki, nikapigwa rula kwenye vidole. Kuanzia siku hiyo alfabeti ya baba niliificha, na baada ya miaka sikujua tena kama ninayo.

Sasa nije kwenye ile Jumapili. Usiku hatukuwa na umeme, ukarudi alfajiri, mume wangu akaacha simu yake kwenye chaji akaenda misa ya kwanza na watoto. Mimi nilikuwa na kichwa kinachouma. Kichwa kiliacha kuuma mara tu lango lilipofungwa. Namba ya kufungulia simu ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wetu wa kwanza, na hilo lilinipa aibu kidogo, lakini halikunisimamisha. Nilikuwa natafuta picha za yule mwanamke. Nikakuta picha arobaini za vyuma, pistoni, mabomba, gundi ya mabomba. Nikakuta mabuti mawili yaliyopigwa picha kutoka juu, nikayakuza, nikayageuza, mpaka nikatambua ni ya mume wangu mwenyewe, alijipiga kwa bahati mbaya.

Halafu nikaona ukuta. Mawe yaliyopangwa, yamelowa, na juu yake rangi nyekundu iliyofifia, herufi E, na mshale unaoelekea ndani. Chini ya picha alikuwa amemwandikia yule mwanamke ujumbe, "Tumepata entrée." Entrée ni mwingilio. Wote waliisoma hivyo, watu wazima waliosoma, kwa sababu ndivyo shule inavyofundisha, mahali penye E na mshale ni mlango. Kijistari cha katikati kilishuka mwishoni. Vidole vyangu viliuma pale pale rula ilipopita.

Nilijua kila kitu wakati ule ule, nimesimama na khanga, chai inachemka. Nilijua nyuma ya ukuta hakuna mshipa ulioachwa, kuna maji ya miaka yote tangu kampuni izime pampu zake. Nikairudisha simu kwenye chaji, nikaiweka kama ilivyokuwa, na sikusema neno.

Sababu zangu nilizipanga upesi sana. Ya kwanza, nikisema, ataniuliza nimeiona wapi. Ya pili, mwenyewe aliniambia kazi yake ni nje. Hizo ni sababu za kumwambia padri. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Nilitaka maji yatoke. Nilitaka lile shimo life, liwe ziwa, yule papa avue koti na mabuti arudi Bagira akauze nguo kama wanawake wengine, na simu ya mume wangu inyamaze. Wachimbaji niliwafikiria pia, nisije nikasema sikuwafikiria. Nilijiambia kwamba watu wa machimbo wanajua kukimbia. Waliporudi kutoka misa nilimpikia mume wangu nyama, nikamwekea vipande vizuri, na alinishukuru kwa sababu ni mtu wa kushukuru.

Jumatatu aliondoka. Jumanne alasiri alinipigia kutoka kwenye kilima, mahali pekee ambapo mtandao unashika.

"Ukuta inatoka jasho," alisema kwa furaha. "Siku ya ine nitaingia miye mwenyewe, nifikishe bomba karibu, njo batoboe vizuri." Siku ya ine kwetu ni Alhamisi.

"Uingie wapi? Weye ulisema uko unatumika inje."

"Siku moja tu."

"Usiingie."

"Juu ya nini?"

"Usiingie, nakuomba. Nyuma ya ile ukuta kuko mayi."

Akacheka kidogo. "Ile wivu yako sasa imefika mpaka ku mayi. Nani alikuambia?"

Jibu lilikuwa simu yake mwenyewe, na nilikuwa nalitafutia nguo ya kulivalisha kabla halijatoka. Kabla sijaipata, mtandao ukakatika. Nilipiga mara nyingi mpaka giza, yule mama wa kwenye mashine akiniambia kwa Kifaransa kile kile.

Jumatano asubuhi niliwaacha watoto kwa jirani, nikapanda jeep ya Mwenga. Tulikuwa wengi mno, na mvua ilikuwa imeiharibu njia baada ya Walungu. Mara tatu tulishuka tukasukuma. Nililala kwenye chumba cha kupangisha na viatu miguuni, na Alhamisi nikachukua pikipiki, kisha nikapanda kwa mguu kwenye udongo mwekundu unaovuta kiatu. Njia nzima nilikuwa napanga nitakachosema kwa mume wangu, na kila nilichopanga kilianza na uongo.

Saa saba mchana nilifika kwenye kamba. Kweli ni kamba tu, ya nailoni, imefungwa kwenye miti miwili. Upande wangu wanawake walikuwa wanatwanga mawe, vumbi limewapaka nyuso. Upande wa pili kulikuwa na injini inanguruma, bomba nene linaingia mlimani, na wanaume wanne wamepumzika. Mmoja akanyoosha mkono kunizuia.

"Maman, mwisho njo hapo."

"Uniitie papa yenu," nilisema.

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimemchora kichwani kwa miezi, nimempa rangi ya midomo na kiuno, na hakuna kilichofanana. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, nywele ndani ya kofia, koti la kiume, macho yaliyochoka. Uso wake ulikuwa mtulivu. Afadhali angekuwa mrembo, urembo ningejua pa kuushika.

"Karibu, maman. Weye njo muke ya fundi," alisema, akanipa chupa yake ya maji.

Nilikuwa na kiu tangu asubuhi, nikaikataa. "Bwana yangu iko wapi?"

"Iko ndani, na bengine bane. Baliingia sasa hivi."

"Ubatoshe, batoke bote. Ile E haiko entrée. Iko eau."

Wale wanaume waliokaa walicheka. Mmoja akasema, "Leo wivu iko inasoma Kifaransa," na wakacheka zaidi, kwa sababu kumbe huko juu walinijua, mume wangu alishawasimulia kuhusu mabuti na kioo, nami nilidhani siku ile hakuniona. Yule mwanamke hakucheka. Aliinua mkono wakanyamaza.

"Nani alikufundisha ile?"

Nikainama pale kwenye matope, upande wangu wa kamba, nikaandika kwa kidole G, B, E, nikamweleza kila moja, na baba, na vibao vya Kadutu. Niliandika ile E kama baba alivyoiandika, na mkia wake. Akatoa simu yake kutoka kwenye koti, akatafuta ile picha, akachutama na kuishika kando ya herufi yangu. Alitazama huku, akatazama kule. Mkia ulikuwa mmoja.

"Hii picha uliiona wapi?"

"Ku telefone yake."

"Siku gani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari, nimesafiri nao siku mbili. Lakini alikuwa ananitazama machoni, tumechutama wote wawili, kamba kati yetu, na nikasikia mdomo wangu unasema ukweli, chini ya mngurumo wa injini, wengine wasisikie.

"Siku ya Mungu."

"Leo iko siku ya ine," alisema polepole.

Aliinuka, akaenda kwenye bomba, akaokota chuma kilicholala hapo, akaanza kuligonga. Kwao kugonga mara moja ni zima pampu, mara mbili ni washa, na kugonga bila kuacha ni acha kila kitu utoke. Aligonga bila kuacha. Kofia ikaanguka, akaendelea. Mimi nilibaki nyuma ya kamba, na nakumbuka kwamba hata wakati ule, mume wangu akiwa ndani ya mlima, niliona mikono ya yule mwanamke ina nguvu na nikaona wivu.

Walitoka mmoja mmoja, na aliwahesabu kwa sauti. Un, deux, trois, quatre. Wa tano alichelewa. Sitaweza kueleza urefu wa muda ule. Kisha akatokea, matope mpaka kifuani, taa ya kichwani bado inawaka mchana, na kitu cha kwanza alichotazama ni yeye.

"Papa, kuko nini?"

"Muke yako alikuya," alisema.

Ndipo aliponiona. Alivuka kamba akasimama mbele yangu bila kunigusa kwa sababu ya matope, na kabla sijafungua mdomo, yule mwanamke alizungumza nyuma yake, sauti ile ile isiyo na haraka.

"Alikumbuka ile herufi mu njia, wakati jeep ilikwama. Papa yake njo aliipakaka. Haiko entrée, fundi. Iko mayi."

Mu njia, alisema. Nilimtazama juu ya bega la mume wangu, na yeye alikuwa anaokota kofia yake.

Wachimbaji walinung'unika. Walisema wamebakiza jiwe moja, walisema mwanamke amepiga kelele na shimo limesikia. Walikuwa bado wanabishana, jua limehama kidogo tu, wakati upepo ulipotoka mlimani. Galeri haina upepo. Huu ulikuwa baridi na unanuka kama sufuria iliyosahauliwa na maji ndani. Injini ikazima yenyewe. Kisha maji yakaja, kahawia, yakileta mbao za kampuni, na mawe, na bomba la mume wangu limekunjwa, yakaikata kamba na kuteremka bondeni tukiwa tumekimbilia juu kwenye mihogo. Wanawake wa kutwanga walipoteza mawe yao yote. Watu hatukupoteza hata mmoja. Mume wangu alikaa chini akatazama mdomo wa lile shimo, nami nikamshika, matope na yote.

Kwa hiyo nilipata nilichotaka. Shimo lilikufa. Yule mwanamke alirudi Bagira, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na simu zake zikawa moja kwa wiki, kwa sababu anamuuzia mume wangu mabomba. Na mume wangu akanipenda upya. Sijui niseme vipi bila kuona haya. Alianza kunisimulia mambo, kuniuliza mambo. Kwenye harusi, kwenye matanga, baada ya misa, aliwaeleza watu jinsi mke wake alivyokumbuka herufi ya baba yake kwenye njia ya Walungu, jeep ikiwa imekwama, na jinsi alivyopanda mlima peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka alinipokea kwa mkono wa kushoto, alinipa kitenge. Nami nilitabasamu na kusema ilikuwa neema ya Mungu.

Kila sifa niliyopewa ilipitia mkononi mwa yule mwanamke. Alijua siku nne zangu. Angeweza kunivua nguo kwa neno moja, na hakunivua. Nilipokutana naye Nyawera sokoni alinisalimia vizuri, akaulizia watoto kwa majina, na nilimchukia kuliko wakati nilipodhani anamtaka mume wangu. Wakati ule alikuwa na kosa. Sasa nilimtafutia kosa, nikakosa, na mume wangu alipokuwa akisema, "Ule mama iko na roho muzuri," ilinibidi nikubali, kwa sababu mimi ndiye niliyejua ni nzuri kiasi gani.

Niliishi hivyo karibu miaka miwili. Asubuhi moja nilienda kwenye kibanda cha mume wangu nikamkuta anaosha vipande vya injini kwenye beseni la mafuta, peke yake. Nikafunga mlango. Nikamwambia kwamba sikukumbuka njiani. Nikamwambia Jumapili, chaji, misa ya kwanza, nyama. Nilisema yote nimesimama, bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikipumzika nitaanza kujipamba.

Aliendelea kuosha. Alitoa pete ya chuma kwenye mafuta, akaiangalia kwenye mwanga, akaifuta kwa kitambaa.

"Ninajua," alisema. "Yee aliniambiaka."

"Siku gani?"

"Ile siku. Mayi ilipoisha kupita. Alisema, muke yako alibeba hii kitu siku ine na ikamushinda, akapanda mulima. Alisema nisikuulize, nikuache useme mwenyewe."

Miaka miwili, harusi zote zile, alikuwa anasema mu njia na anajua. Walinisamehe wawili, siku ile ile, mimi nikiwa kwenye mihogo nahesabu kama viatu vyangu viko. Nilipaswa kulia, au kupiga magoti, au kumshukuru. Alikuwa anasubiri, na kitambaa chake mkononi, uso wake umefunguka, anipokee.

Nami nilichotaka kumuuliza ni walisimama wapi walipokuwa wanaongea hayo, na kama yule mwanamke alimshika mkono.